Uraia wa dunia usiwe cheo cha wachache

Limeingia katika lugha ya ofisi zetu neno ambalo baba zetu hawakulijua, nalo ni "uraia wa dunia". Twalikuta katika mitaala, katika mialiko ya semina, na zaidi ya yote katika fomu za ufadhili zinazowaita vijana wa sekondari waende ng'ambo mwaka mmoja au miwili, wakaishi na kusoma pamoja na vijana wa mataifa mengine. Mwaka 2012 Ban Ki-moon, ambaye wakati huo alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliuweka uraia huo miongoni mwa mambo matatu ya kwanza katika mpango wake wa elimu. Mwaka 2015 mataifa yalipokubaliana juu ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, jambo hilo likaandikwa katika shabaha ya 4.7. Basi si neno la kupuuzwa. Lakini neno likishaandikwa mahali pakubwa namna hiyo huanza kutumika bila kuulizwa maana yake, na mwisho wake mwalimu wa kidato cha nne ndiye anayebaki amesimama mbele ya darasa akitakiwa kulieleza.

Na alieleze vipi? Raia, kwa jinsi tunavyofundisha katika somo la Uraia, ni mtu wa dola fulani. Anayo haki ya kupiga kura, anao wajibu wa kulipa kodi, anayo mahakama ya kukimbilia akidhulumiwa. Dunia haina mtoza kodi wala hakimu wa mwanzo. Tena neno lenyewe, raia, lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya watu walio chini ya mchungaji wao, yaani mtawala; na dunia haina mchungaji mmoja. Ukiondoa hayo yote, kinachobaki katika uraia wa dunia ni kitu kimoja tu, nacho ni kizito: wajibu wa mtu kwa yule asiye wa kwao. Asiye wa kabila lake, dini yake, lugha yake wala nchi yake. Mimi naliafiki jambo hilo kwa moyo wangu wote. Ninalotaka kulijadili hapa ni njia tunayoitumia kuwapata hao vijana tunaowaita kwa jina hilo, kwa sababu naona tunaelekea kuligeuza jina hilo kuwa cheo kinachotolewa kwa wachache wanaojua Kiingereza kizuri.

Yafaa tuanze na mpango uliokuwa wa mwanzo na ulio bora kuliko mingi iliyoufuata, ili tusije tukashutumu kitu tusichokifahamu. Mwanzilishi wake alikuwa Kurt Hahn, mwalimu aliyezaliwa Berlin mwaka 1886 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1920 alianzisha shule huko Salem, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1932, wauaji wa Hitler walipomwua mtu mmoja mbele ya mama yake na Hitler akawatetea hadharani, Hahn aliwaandikia waliopitia shule yake kwamba wachague moja, Hitler au Salem. Mwaka 1933 akatiwa ndani. Alipofunguliwa alikimbilia Uingereza, na mwaka 1934 akaanzisha shule nyingine Gordonstoun, nchini Scotland. Vita vilipokwisha alishuhudia jambo lililomshangaza: katika chuo cha kijeshi cha NATO mjini Paris aliwakuta maofisa ambao miaka kumi kabla yake walikuwa wakiuana, sasa wakifanya kazi katika chumba kimoja. Akajiuliza, kama wazee hawa wameweza, kwa nini tusianze na vijana kabla hawajajifunza kuchukiana? Ndipo mwaka 1962 kikafunguliwa chuo cha Atlantic katika ngome kuukuu ya St Donat's, ufukweni mwa Wales. Kwa mwanzo kilipokea wavulana tu. Wasichana waliingia mwaka 1967.

Kutokana na chuo hicho ulikua mtandao wa shule unaoitwa United World Colleges, ambao leo una shule 18. Kijana huingia akiwa na umri wa miaka 16 hadi 19, akasoma miaka miwili. Katika nchi zaidi ya 150 zipo kamati za watu wanaojitolea, nazo ndizo zinazowachagua wanafunzi, na wengi wa wanaochaguliwa hupewa ufadhili kwa kadiri ya uwezo wa familia zao.

Lakini ninalolipenda zaidi katika habari za chuo kile si ngome yake wala majina ya wakubwa waliokuwa walezi wake. Ni mashua. Ufukwe wa pale una mawimbi makali, na wanafunzi walipewa kazi ya kweli ya kuokoa watu wanaozama. Mashua za mbao zilikuwa nzito na zikivunjika kwenye miamba; za mpira wa kujazwa upepo zilikuwa nyepesi lakini zikikosa uthabiti katika mwendo wa kasi. Basi katika miaka ya 1960 wanafunzi na mkuu wao wa kwanza, Desmond Hoare, aliyekuwa ofisa mstaafu wa jeshi la majini, walijaribu mara baada ya mara kuunganisha aina hizo mbili, wakapata mashua yenye tumbo gumu chini na mpira wa upepo pembeni. Leo mashua za namna hiyo hutumika katika bahari zote za dunia. Haki ya uvumbuzi ule iliuzwa kwa chama cha uokoaji baharini cha Uingereza kwa paundi moja.

Paundi moja! Mwalimu anayetafuta mfano wa kumweleza mtoto maana ya uraia wa dunia na auchukue huo. Vijana wale hawakuandika insha juu ya upendo wa binadamu. Walipewa bahari, wakapewa watu wanaozama, wakaambiwa watafute la kufanya. Na walipolipata hawakulifanya mtaji. Hahn aliamini kwamba kijana humheshimu mgeni akiwa ameshika naye kamba moja, wala si akiwa ameketi naye kusikiliza mhadhara. Hiyo ndiyo roho ya mpango wenyewe. Na roho hiyo ndiyo inayopotea kwanza pale mpango unapoigwa na watu wenye haraka, kwa sababu mashua ina gharama na kazi, na hotuba haina.

Bara letu nalo lina sehemu yake katika historia hii, tena sehemu ya heshima. Mwaka 1963 ilifunguliwa shule ya Waterford karibu na Mbabane, Swaziland, ambayo tangu mwaka 2018 huitwa Eswatini. Ng'ambo ya mpaka, Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya mwaka 1953 iliyompimia mtoto mweusi elimu ya utumishi tu; hapa Waterford mtoto mweusi, mweupe na wa Kihindi walilala katika bweni moja. Mfalme Sobhuza II akaiongezea jina la Kamhlaba, lenye maana ya dunia nzima katika udogo wake. Watoto wa Nelson Mandela, baba yao akiwa kifungoni, walisoma pale. Na wa Walter Sisulu na wa Desmond Tutu. Shule hiyo ikajiunga na mtandao wa Hahn mwaka 1981. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Moshi kwetu kulianzishwa mwaka 1969 shule ya kimataifa iliyowahudumia hasa watoto wa wataalamu wa kigeni waliokuja kwa ajili ya hospitali ya KCMC. Baadaye ikafungua tawi Arusha, na mwaka 2019 ikaingia katika mtandao huo kwa jina la UWC East Africa. Kwa hiyo leo kijana wa Kitanzania anayetafuta elimu ya namna hii si lazima apande ndege. Anaweza kupanda basi.

Sasa nifike kwenye mashaka. Mwaka 2000 tajiri mmoja wa Marekani, Shelby Davis, akishirikiana na mwalimu Phil Geier, alianza kuwalipia wanaomaliza katika shule hizi waendelee na vyuo vya Marekani. Vyuo vilianza vitano: Colby, College of the Atlantic, Middlebury, Princeton na Wellesley. Tangu hapo vimeongezeka sana. Ni ukarimu mkubwa, na familia nyingi zisizo na kitu zimeona mtoto wao akisoma mahali ambapo hata mtoto wa waziri hafiki kwa urahisi. Sitaki kuonekana mtu anayeuonea wivu ukarimu. Lakini yatupasa tuitazame njia nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana aliyetoka Kasulu au Newala akiwa na miaka 17 kwenda kujifunza namna ya kuishi na watu wa dunia, miaka miwili yake huwa sita, kisha huja kazi, kisha nyumba, kisha watoto wasiojua kumwamkia bibi yao. Hakuna aliyemwibia mtu. Kila hatua ilikuwa nzuri kwa nafsi yake. Ila tukijumlisha hatua zote twakuta kwamba kijiji kimetoa mtu na kupokea picha.

Wako watakaonijibu kwamba huyo kijana hutuma fedha, hujenga nyumba ya wazazi, husomesha wadogo zake, na pengine siku moja atarudi na ujuzi ambao hatuna. Ni kweli, na wako waliorudi. Wengine watasema kwamba kumdai arudi ni kumfunga kamba, na kwamba raia wa dunia ana haki ya kuishi popote duniani. Hoja hii ya pili naikataa. Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha kijana anayesomeshwa na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kwa wenziwe. Asiporudi, alisema, ni msaliti. Neno hilo ni kali kuliko ninavyopenda kulitumia kwa mtoto wa miaka 17 ambaye pengine sisi wenyewe hatukumwambia kwamba tunamtegemea. Lakini mfano wenyewe bado haujapata jibu.

Tena huo uhuru wa kuishi popote ni wa kwenye karatasi. Juni 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kusimamisha utoaji wa viza, pamoja na zile za wanafunzi, kwa raia wa Burundi. Kijana wa Bujumbura mwenye alama zote na barua zote za sifa, hata kama alikuwa ameitwa raia wa dunia katika cheti chenye mhuri, siku ile aligundua kwamba mlangoni huulizwa pasipoti tu. Sisemi haya ili kumsikitisha mtu. Nasema kwamba anayemfundisha kijana kwamba amevuka mipaka ya nchi yake anamdanganya, na siku ya kuufahamu udanganyifu huo kijana atakuwa peke yake.

Jambo la kushangaza ni kwamba sisi tumekwisha kulifanya jambo hili kwa vitendo, tukiwa hatuna jina la kuliita. Baada ya maasi ya Soweto ya mwaka 1976 vijana wengi wa Afrika Kusini waliikimbia nchi yao wakiwa hata shule hawajamaliza. Mwaka 1977 Tanzania ilikipa chama cha ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Palikuwa na magofu na nyasi. Vijana wale, pamoja na mafundi na vibarua wa Kitanzania na walimu wa kujitolea waliotoka nchi nyingi, walipajenga shule, mabweni, hospitali na mashamba, nayo shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa na makaburu mjini Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Serikali yetu, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mwanafunzi anayesoma pale leo anakaa katika darasa lililojengwa na mkimbizi.

Kadhalika, Warundi walioingia nchini mwaka 1972 na kukaa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikuja kupewa uraia wa Tanzania, watu zaidi ya 160,000, na vyeti vyao vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Si nchi nyingi zilizowahi kufanya hivyo kwa mara moja. Waliowapokea kwa siku zote hizo hawakuwa wanadiplomasia. Walikuwa wakulima wa tumbaku wa Tabora na wenyeji wa Mpanda, na walimu wa shule za msingi walioketi na watoto wasiojua Kiswahili mpaka wakakijua. Sikatai kwamba palikuwa na manung'uniko, na mengine yapo hadi leo. Lakini ukitaka kumwonyesha mgeni uraia wa dunia ulivyo, usimpeleke hotelini kwenye semina. Mpeleke Ulyankulu.

Hapa sina budi kusema jambo linalonihusu mwenyewe, nalo silisemi kwa fahari.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwalimu katika shule ya kutwa ya kata katika mkoa wa Morogoro. Ilifika fomu ya mpango mmoja wa namna hii, ambao sitautaja kwa sababu haukuwa na kosa. Fomu ilikaa katika droo ya meza kwa muda wa wiki tatu, ikatoka zikiwa zimebaki siku nne. Niliitwa nimpendekeze mwanafunzi mmoja. Fomu yote ilikuwa ya Kiingereza, na mahojiano yangekuwa ya Kiingereza. Sikufikiri hata dakika kumi. Nilimwandika mvulana aliyekuwa bingwa wetu wa midahalo, mwenye Kiingereza chepesi kwa kuwa alisoma shule ya msingi ya kulipia, na ambaye baba yake alikuwa mtu wa ofisi kama mimi. Barua yangu ya mapendekezo ilisema kwamba ana moyo wa kuwajali wengine. Hayo niliyaandika kwa sababu fomu iliyauliza.

Katika darasa lile lile alikuwamo msichana ambaye kwa Kiingereza alikuwa wa katikati, na pengine chini ya hapo. Mwaka ule palikuwa na ugomvi katika kata yetu kati ya wakulima na wafugaji. Ng'ombe waliingia katika mahindi, watu wakajeruhiwa kwa mapanga na mishale. Watoto wawili wa wafugaji waliokuwa wakisoma kwetu wakawa hawaketiwi karibu. Walikula peke yao chini ya mwembe. Wazazi wa msichana yule walikuwa miongoni mwa waliopoteza mahindi. Siku moja alichukua sahani yake ya makande akaenda kuketi nao. Kesho yake akaenda tena, naye mwenziwe mmoja akamfuata. Baada ya mwezi mmoja ule mwembe ulikuwa umejaa, na Jumamosi msichana yule alikuwa akimfundisha mdogo wa wale wafugaji kusoma, kijana ambaye hakuwa ameandikishwa shule yoyote. Sisi walimu tuliyaona hayo kwa dirisha la chumba cha walimu. Tuliyasifu kwa midomo tukiwa tunakunywa chai. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya droo ilikuwamo fomu iliyokuwa ikimtafuta mtu wa namna ile hasa.

Mvulana alikwenda, akafaulu, na hadi ninapoandika yuko ng'ambo. Simlaumu hata kidogo. Ni kijana mwema, nami humjibu barua zake. Msichana hakupata nafasi ya kidato cha tano. Siku hizi ni mjumbe wa Baraza la Ardhi la kijiji chao, lile lenye wajumbe saba ambao sheria ya mwaka 1999 yataka wasiopungua watatu wawe wanawake. Kesi za ng'ombe na mahindi hupita mbele yake. Nilipoonana naye nilitaka kumwambia habari za fomu ile, nikashindwa.

Ndugu walimu, nimelieleza hili kwa sababu najua si shule yetu tu. Afisa elimu wa wilaya na mkuu wa shule ndio mlango ambao ufadhili wa namna hii hupitia, na mlango huo twaufungua kidogo sana. Fomu hupokelewa mjini, huonwa na wachache, hujazwa na mtoto wa mwenye habari. Pengine hakuna rushwa wala hila yoyote. Ni uvivu tu, na ule mzoea wa kudhani kwamba mtoto anayezungumza kama mgeni ndiye anayefaa kupelekwa kwa wageni. Tangu mwaka 2016 elimu ya sekondari hadi kidato cha nne haina ada, na shule za kata, zilizoenea kutokana na mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, zimewafikia watoto ambao zamani wasingeonekana kabisa. Itakuwa ajabu kama tumewaingiza watoto hao darasani kisha tukawaficha tangazo.

Yapo mambo ambayo hayahitaji waraka kutoka Dodoma. Tangazo libandikwe kwenye ubao siku ile ile lilipofika, na lisomwe mstarini kwa Kiswahili. Walimu wote wa darasa, si mkuu peke yake, waulizwe nani amefanya nini kwa mtu asiye wa kwao. Na barua ya mapendekezo ieleze tendo, siku na mahali, badala ya sifa za kuokota. Na hao wanaokaa katika kamati za kuchagua, wengi wao wakiwa watumishi wa umma na watu waliowahi kupata nafasi hizo wenyewe, wakubali kufanya sehemu ya mahojiano kwa Kiswahili. Kiingereza kinaweza kufundishwa kwa miezi sita. Ule moyo wa kuondoka na sahani yako kwenda chini ya mwembe, sijui unafundishwa kwa miezi mingapi. Umoja wa Mataifa kwa shirika lake la UNESCO ulikipa Kiswahili siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai. Haitakuwa utovu wa adabu kumwuliza mtoto habari za dunia kwa lugha hiyo.

Kuhusu wale wasiochaguliwa, ambao ni karibu wote, hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Mwalimu siku ile akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitano baadaye ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Tuliitekeleza vibaya mahali pengi, na yafaa tukiri. Shamba la shule likawa shamba la mwalimu, na kuokota kuni kukawa adhabu. Mtoto aliyelimishwa kwa namna ile hakujifunza kutumika. Alijifunza kuchukia jembe. Kwa hiyo mtu akinishauri turudishe kazi za mikono mashuleni na kuziita huduma kwa jamii, kwanza nitamwuliza mavuno yanakwenda kwa nani.

Lakini kosa la utekelezaji halikuliondoa wazo. Shule iliyo jirani na kambi ya Nyarugusu, au na mpaka wa Namanga, au na makazi ya wafugaji, au na bandari, inayo bahari yake tayari, na watu wanaozama hawako mbali. Mwalimu mmoja mwenye wanafunzi themanini katika chumba kimoja hawezi kuongezewa somo jipya, wala mimi siombi somo jipya. Naomba saa ile moja ya klabu, ambayo mara nyingi hupita kwa kupiga soga, iwe na kazi ya kweli nje ya uzio wa shule, tena kazi itakayomkutanisha mwanafunzi na mtu ambaye asingekutana naye. Na mwalimu anayeisimamia ahesabiwe saa hiyo katika vipindi vyake; kwa maana kumwongezea mwalimu mzigo kwa jina la wema ni namna nyingine ya kuiba jasho lake.

Mwaka huu, kama miaka yote, fomu zitafika kabla ya mitihani ya kidato cha nne. Nimestaafu kufundisha, lakini bado naishi karibu na shule ile, na nimemwomba mkuu wa shule wa sasa aniruhusu nizisome fomu hizo mstarini mimi mwenyewe. Amekubali, kwa sharti kwamba nisihutubie.